Marehemu Amepigwa Tochi

Afande Henry alikuwa amekalia ndoo iliyogeuzwa, nyuma ya kichaka cha mnyaa, karibu na kibao cha hamsini pale Izogole, ukishapita Haneti kama unakwenda Kondoa. Tochi ya kupimia mwendo ilikuwa magotini, karanga za kukaanga zilikuwa ndani ya kofia yake. Jua lilikuwa limeanza kulegea. Malori mawili yalipita kwa adabu ya bi harusi, maana wenzao walishawamulikia taa huko walikotoka, na afande akabaki na karanga zake. Ndipo akatokea mtu anakuja kwa miguu kutoka upande wa Dodoma, ukingoni mwa lami. Henry alinyanyua tochi kwa mazoea tu, akaminya. Tochi ikaandika mia moja ishirini na nane.

Picha ilitoka safi. Ilimwonyesha mzee Gerson Matonya, koti la kijivu, fimbo begani, mkono mmoja juu kama mtu anayeomba radhi kwamba hawezi kusimama. Mzee Gerson alikuwa amefariki tangu kabla ya mvua. Henry aliirusha picha kwa simu kwa mwenzake, Afande Gaudence, aliyekuwa akisimamisha magari kijiji cha mbele, kisha akampigia.

"Huyo anakuja. Mia na ishirini na nane."

"Namba ya gari?"

"Hana gari."

"Rangi?"

"Koti la kijivu."

"Namwona," alisema Gaudence. Kisha akasema, "Kashapita."

Kwa hiyo makosa yakawa mawili: kuzidisha mwendo, na kukaidi amri ya askari aliyevaa sare. Mfumo ulikataa kupokea kosa lisilo na namba ya gari. Wakaweka namba ya kitambulisho cha taifa cha marehemu, mfumo ukakubali, ukashukuru.

Watu wa Izogole hawakushangaa. Walikuwa wamemwona mzee akipita hivyo tangu wiki ya msiba, saa ng'ombe wanaporudi, na walishaacha kuanika nguo upande wa barabarani kwa sababu ya upepo wake. Wao walijua mwendo ule ulikotoka. Gerson alikuwa anamvusha ndama. Ndama akavuka. Yeye mwenyewe alikuwa bado hajakanyaga lami, yuko ukingoni na fimbo yake, lilipokuja gari jeusi la mheshimiwa mmoja, likiwa limeikalia barabara yote kama kitanda cha kwake. Lilimkuta pale pale ukingoni. Na lilipomgonga, mwendo wake wote ukahamia kwa Gerson, gari likasimama tuli katikati ya njia kama mtu aliyesahau alichofuata jikoni. Halikukaa sana. Dereva alilitia mwendo mwingine, maana wenye magari yale hawapungukiwi na mwendo, likaondoka.

Gerson alizikwa nyuma ya zizi. Mwendo haukuzikika.

"Sasa mlitaka uende wapi?" alisema mjane wake, Ruthu, majirani walipokuja kumwambia kwamba wamemwona. "Ukimtemea mtu mate, mate yanabaki kwake."

Polisi waliandika mambo mawili. La kwanza, gari lilikuwa kwenye arobaini na nane. La pili, marehemu alikuwa amelewa, akajirusha barabarani. Gerson alikuwa mzee wa kanisa na hakuwahi kuonja pombe tangu azaliwe, hata ile ya mtama ambayo watoto wa Izogole hulambishwa wakilia sana. Lakini karatasi ya serikali ni karatasi ya serikali. Kanisani wakaacha kumtaja katika sala ya wazee waliotangulia. Hawakuacha kwa ubaya. Waliacha kama unavyoacha kumpa kiti mtu aliyekwishaondoka. Ruthu alitaka maneno yale mawili yafutwe. Hakutaka kingine. Watu walimshauri adai na ndoo ya simenti ya kaburi, akasema hapana, kaburini mwenyewe hakai.

Nyumba yao iko kandokando ya barabara. Kila jioni Ruthu alipika ugali wa uwele na mlenda, akatenga nje, na kila jioni Gerson alipita kwa kasi yake, mlenda ukajaa vumbi. Alikuwa akigeuza uso tu. Baada ya muda Ruthu aligundua kwamba kwa mwendo ule mtu anaweza kupokea neno moja, likiwa fupi, na kurudisha moja siku nyingine. Basi wakawa wanazungumza hivyo.

"Ndama?" aliuliza Gerson jioni moja.

Kesho yake Ruthu akamjibu, "Mzima."

Kesho kutwa Gerson akasema, "Vizuri," na hapo mazungumzo yakawa yamekwisha, wakaanza mengine. Wapo wanandoa wanaokaa nyumba moja wasiofikia kiasi hicho.

Habari ya tochi ilipomfikia, Ruthu alifurahi kama aliyeokota. Alijifunga kitenge cha kwendea harusini akaenda kituoni. Afande Gaudence, mtu wa kutoka mbali na mwenye heshima zake, alisimama kumwamkia.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Nimekuja kwa habari ya mzee."

"Mzee wako anatusumbua, bibi. Kila siku mia na ishirini na nane. Hapunguzi hata kwenye kibao."

"Mmempima wenyewe?"

"Tochi imempima. Tochi haidanganyi."

"Hebu rudia hapo."

"Tochi haidanganyi, bibi."

Ruthu alikaa kwenye benchi bila kukaribishwa. "Sasa mwanangu, mzee wangu maisha yake yote hakuwahi kumfikia hata mbuzi aliyekata kamba. Mwendo huo si wa kwake. Kampa nani?"

Gaudence aliitazama picha. Hakuwa mjinga. "Kapewa na gari," alisema.

"Na gari mmeandika lilikuwa kwenye ngapi?"

"Arobaini na nane."

"Wewe ndiye uliyesoma. Mwenye kibaba anaweza kukukopesha debe?"

Afande alikuna kidevu, akaingia chumba cha ndani, akafunga mlango. Alisikika akipiga simu, akisema "ndiyo mkuu" mara nyingi na kwa sauti za namna nyingi. Alitoka na kikombe cha chai cha kwake mwenyewe.

"Tumeliangalia, bibi. Una haki kabisa. Hesabu zilikuwa haziendi."

"Ahsante mwanangu."

"Kama gari lilikuwa kwenye arobaini na nane, na marehemu yuko kwenye mia na ishirini na nane, basi aliyegonga ni marehemu."

Ruthu alimtazama. "Gerson kaligonga gari."

"Ubavuni mwa mbele. Taa moja ya mheshimiwa ilivunjika. Tulikuwa tunajiuliza imevunjwa na nini."

"Na alikuwa amelewa vilevile?"

"Hapo hapajabadilika," alisema Gaudence, akapuliza chai.

Mwingine angelia. Ruthu alikwenda wilayani kwa hakimu. Hakimu huyo aliitwa Anna, mama mpole, mwenye mwavuli na maradhi ya miguu. Alimsikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo peke yake lilimfanya Ruthu aone haya kidogo, kwa kutozoea. Kisha akasema sheria iko wazi: maiti hana mwendo wa kwake. Akionekana nao, ni wa mtu, na mwenyewe atafutwe. Lakini yeye hawezi kuandika hukumu kwa kusimuliwa. Atakuja Izogole uwele ukishavunwa, asimame pale kwenye mnyaa, aone kwa macho yake tochi ikisema mia moja ishirini na nane. Akiiona, yale mawili yatafutwa siku hiyo hiyo.

"Atakuwepo?" aliuliza hakimu.

"Hajakosa hata siku moja," alisema Ruthu. "Alipokuwa hai alikuwa anakosa."

Basi kazi ikawa ni kungoja uwele ukomae na mwendo usipungue.

Haikupita wiki, marehemu akaitwa kwenye mafunzo. Yalikuwa mafunzo ya wakosaji sugu wa mwendokasi, yakifanyika Chang'ombe mjini, na atakayehitimu anasamehewa makosa yake yote kama aliyebatizwa. Henry alijaribu kumsomea wito akiwa anapita, lakini kwa neno moja kwa siku ungemaliza mwaka. Wakauandika kwa rangi kwenye ubao mrefu, wakausimamisha kando ya barabara. Gerson alikuwa msomaji mzuri.

Ruthu alielewa siku hiyo hiyo. Jioni alisimama karibu kabisa na lami, na Gerson alipofika akamtupia neno: "Usiende!"

Kesho yake Gerson akarudisha: "Wameniita."

"Hakimu!" alisema Ruthu siku iliyofuata. Na siku nyingine, "Anakuja!" Na nyingine, "Subiri!" Alikuwa akikaa mchana kutwa akichagua neno la jioni kama anayechagua mbegu.

Gerson akajibu neno moja tu, "Serikali."

Hapo Ruthu alijua ameshindwa, ingawa hakuacha kumrushia maneno, mengine yasiyofaa mbele ya wageni. Alimjua mume wake. Wakati wa operesheni ya vijiji, Gerson akiwa kijana, walipotangaziwa kwamba watahamishwa na nyumba zitavunjwa, yeye aliibomoa nyumba ya baba yake kwa mikono yake kabla lori halijafika, akapanga nguzo kwa urefu, ili maofisa wasipate taabu. Baba yake alikuwa bado yumo ndani, anavaa viatu.

Ilibaki namna ya kumpunguza mwendo afike darasani, kwa kuwa mtu wa kasi ile hawezi hata kukata kona. Watu wa Izogole walikuwa wameomba matuta barabarani kwa miaka. Waliomba alipogongwa mtoto wa shule, wakaomba alipogongwa punda wa mchungaji, wakaomba alipogongwa Gerson mwenyewe. Waliambiwa matuta yanasumbua misafara. Safari hii hawakuomba, na lori la kifusi likaja lenyewe. Mafundi walifanya kazi nzuri, wakashindilia, wakapaka chokaa nyeupe na nyekundu. Matuta yalijengwa kwenye njia ya miguu, kando ya lami. Lami haikuguswa. Wanawake waliokuwa wakitoka kisimani na ndoo kichwani wakajifunza kunyanyua miguu.

Gerson alipanda na kushuka yale matuta jioni hadi jioni, na mwendo ukaanza kumwachia. Ilifika siku angeweza kupokea sentensi nzima. Ruthu akamwambia, "Gerson, ukienda huko watakutoa kitu pekee ulichonacho." Gerson akajibu kwa sentensi vilevile, kwamba si vizuri kuitwa halafu usiitike. Kisha akapunguza zaidi, akageuka, akashika njia ya Dodoma.

Ukumbi ulikuwa wa kukodi, nyuma ya duka la magodoro. Mwalimu aliitwa Yasinta, dada mchangamfu mwenye filimbi shingoni. Wanafunzi walikuwa madereva wa malori, vijana wa bodaboda, na mama mmoja wa ofisini aliyekuwa na haraka ya kumaliza, kwani ndiyo haraka iliyomleta. Gerson alikaa kiti cha nyuma na fimbo yake. Jina lake liliitwa kama majina ya wengine: "Gerson Matonya, marehemu." Akaitika, "Nipo."

"Kila mmoja aseme amejifunza nini kutokana na kosa lake," alisema Yasinta.

"Mimi nimejifunza kuangalia vichaka," alisema kijana wa bodaboda, na watu wakacheka.

"Wewe utarudi tena hapa, nakuona. Mzee wangu hapo nyuma?"

Gerson alisimama. "Mimi niligongwa, mwalimu."

"Hapana, mzee wangu. Darasani kwangu hatusemi 'niligongwa'. Tunajiuliza, 'nilikuwa wapi?' Ulikuwa wapi?"

"Ukingoni."

"Ukingo wa nini?"

"Wa barabara."

"Umeona? Ungekuwa nyumbani kwako umekaa, ungegongwa?"

Gerson alifikiri kwa uaminifu. "Nyumbani nisingegongwa."

"Makofi kwa mzee!"

Walimpigia makofi, hata mama wa haraka. Na kila Gerson alipojibu vizuri, mwendo ulimtoka kidogo, ukatiririka chini ya viti kama maji ya kudekia, ukapita mlangoni hadi nje. Pikipiki zilizoegeshwa zikawa zinatikisika zenyewe, na godoro moja la mwenye duka liliondoka likakutwa mtaa wa Area C. Mwisho wa mafunzo Gerson aliongoza darasa zima. Alipewa cheti, akapigwa picha na mwalimu.

Uwele ukavunwa. Hakimu Anna alikuja kama alivyoahidi, na mwavuli wake, akasimama kwenye mnyaa. Ruthu alikuwa amevaa kile kitenge cha harusini. Afande Henry alikuwa na tochi, Afande Gaudence alikuwa na faili, na kijiji kilichobaki kilikuwa kimekaa juu ya matuta, ambayo kwa kukalia yalikuwa yanafaa sana. Saa ya ng'ombe ilipofika, Gerson akatokea. Alikuja taratibu, akikwepa mashimo, akiwaamkia watu kwa majina. Henry akaminya.

"Nne," alisema.

"Mpime tena," alisema Ruthu.

"Nne, bibi. Sasa ni tatu, anapunguza aongee na mwenyekiti."

Hakimu alimtazama Ruthu kwa huruma. "Mama, nilikuja kuona mia moja ishirini na nane."

"Alikuwa nayo. Wamemnyang'anya."

"Ana cheti," alisema Gaudence, akakitoa kwenye faili. "Alikuwa wa kwanza darasani, mheshimiwa hakimu. Tunajivunia."

Hakimu alikuwa bado anakisoma lilipotokea gari jeusi kutoka upande wa Dodoma. Halikuona kibao, au lilikiona likadhani ni tangazo. Henry alisimama wima akapiga saluti, na mkono uliopiga saluti ndio uliokuwa na tochi. Gari lilipita. Mwavuli wa hakimu uligeuka ndani nje, kuku wawili hawakuonekana tena, na cheti cha Gerson kikaruka hadi kwenye matawi ya mnyaa.

"Na hilo limekwenda ngapi?" aliuliza Ruthu.

"Halikupimwa, bibi," alisema Henry, bado mkono uko kichwani.

Hakimu alijaribu kuunyoosha mwavuli, ukakataa. Alisema yeye ni mtu wa sheria na hawezi kuandika juu ya mwendo ambao haukupimwa, wala juu ya ule uliopimwa ukaonekana ni nne. Alisema faili litabaki kama lilivyo. Alimpa Ruthu mkono na kuushika kwa muda mrefu, akaingia kwenye gari lake, akaondoka kwa hamsini kamili.

Jioni ile mlenda haukuingia vumbi. Gerson aliingia uani, akaegemeza fimbo ukutani, akanawa, akakaa kwenye kigoda chake na kula. Ilikuwa mara ya kwanza kukaa hapo tangu afe. Alikuwa amepungua kidogo usoni, lakini mkono wake wa kumega ugali ulikuwa ule ule. Ruthu alimtazama akila. Alikuwa ametamani jambo hilo kila siku ya Mungu, na sasa amelipata, na alikuwa na hasira.

Alimwacha ashibe kwanza. Mtu hahojiwi na njaa.

"Baba Silvano."

"Naam."

"Siku ile ulipogongwa na gari, ulikuwa umelewa?"

Gerson alimeza alichokuwa nacho kinywani. "Mimi sijawahi kunywa, unajua."

"Najua. Nakuuliza wewe."

"Wao wameandika nini?"

"Wameandika ulikuwa umelewa."

Gerson alitazama barabarani, kisha akatazama mikono yake, mbele na nyuma, kama mtu anayetafuta alama. "Mwalimu alisema tusiwe wepesi wa kukataa makosa," alisema. "Kama wameandika, mama Silvano, basi labda nililewa bila kujua."

Ruthu aliinuka, akajifunga khanga vizuri, akatoka hadi kwa jirani yake Anyitike, ambaye hupika pombe siku za mavuno. Akarudi na kata imejaa, ya mtama, iliyolala vizuri na yenye povu. Akaiweka mbele ya mume wake.

"Kunywa basi," alisema. "Isije ikaonekana serikali ilisema uongo."

Gerson alivua kofia, akaomba dua fupi ya chakula, akainua kata. Alikunywa kidogo, akakunja uso.

"Chungu."

"Ndivyo ilivyo," alisema Ruthu. "Maliza."

Akamaliza yote mpaka machicha, maana hakuwahi kuacha agizo la serikali nusu.